SIKU YA KLINIKI SI UTORO



Kuna neno moja ambalo wanyapara wa mkonge wanalipenda kuliko salamu ya asubuhi, nalo ni utoro. Aliyelala ulevi ni mtoro. Aliyekwenda kuzika ni mtoro. Na mama mwenye mimba aliyepanda matatu alfajiri kwenda kliniki, akakaa kwenye benchi tangu saa moja mpaka saa nane mchana, naye jina lake huandikwa katika daftari lile lile, kwa kalamu ile ile, na siku yake hailipwi. Twasema jambo hili likome. Tena safari hii hatuombi huruma, maana huruma ya matajiri twaijua kipimo chake. Twasema kwa sababu kuna ugonjwa unaoharibu moyo wa mtoto akiwa angali tumboni, katika majuma machache tu ya mimba, na mara nyingi mtu wa kwanza kuugundua ni yule muuguzi aliyeinama akasikiliza. Mama asipofika, hakuna aliyesikiliza.

Baadhi ya wanachama, wanaume wa gereji na wa mashine hasa, wametuuliza, "Chama na mimba, wapi na wapi?" Tutawajibu mbele kidogo. Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kugombania jambo asilolijua.

Mwili wa mtu una askari wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vinavyoingia, na silaha yao ni kingamwili, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyotembea na damu. Lakini kwa watu wengine askari hawa hugeuka wakaushambulia mwili wenyewe, kama askari wa lango aliyeacha kutazama wezi akaanza kuwapiga watu wa kambi, jambo ambalo wakaaji wa kambi hawahitaji kufafanuliwa. Ugonjwa wa namna hii hauambukizi. Hautokani na uchafu wala na uasherati. Ziko aina nyingi. Moja yaitwa lupasi. Nyingine ni ugonjwa wa Sjögren, yule daktari wa macho wa Sweden aliyeueleza mwaka 1933, nao hukausha machozi na mate. Kati ya watu 10 wenye lupasi, 9 hivi ni wanawake, na wengi wao wa umri wa kuzaa. Huko Marekani na Uingereza imeonekana kwamba wanawake weusi huupata zaidi, tena kwa ukali zaidi. Vitabu vya zamani vilisema kwamba katika Afrika lupasi ni adimu sana. Kilichokuwa adimu ni kipimo.

Dalili zake ndizo hasa zinazomletea mama matusi kazini. Viungo vya vidole huuma na kufura asubuhi, na watu husema ni baridi yabisi. Kuna uchovu usioondoka kwa kulala. Nywele hunyonyoka, mdomo hukauka, macho huwa kama yametiwa mchanga. Kuna upele wa mashavuni na juu ya pua, ambao juu ya ngozi yetu hauonekani mwekundu kama picha za vitabu vya Ulaya, na kwa hiyo hupita bila kutambuliwa. Na jua huuchochea ugonjwa huu. Fikirini basi jua la Voi, la Maungu na la Mwatate mwezi wa Februari, na mama ameinua mikono tangu asubuhi akianika singa kwenye nyaya. Utomvu wa mkonge nao huwasha ngozi; hakuna aliyewahi kukata mkonge asiyejua. Upele ukitokea, mnyapara asema ni utomvu. Vidole vikifura, asema ni uzee, hata kama mama ana miaka 26. Akichoka, asema ni mvivu. Kila dalili imekwisha kupewa jina kabla daktari hajaiona.

Sasa tuje kwa mtoto.

Miongoni mwa kingamwili hizi zilizogeuka iko moja iitwayo Ro na nyingine iitwayo La, majina yaliyotokana na herufi za majina ya wagonjwa ambao damu yao ilichunguzwa kwanza. (Jambo hili limetupendeza. Vitu vingi vya hospitali vimeitwa kwa majina ya mabwana madaktari. Hivi viwili wameachiwa wagonjwa.) Kwa kawaida mama humpitishia mtoto kingamwili zake kwa njia ya kondo la nyuma, na ni jambo jema, maana ndizo zinazomlinda mtoto mchanga miezi ya kwanza. Lakini kondo halichagui. Iliyo nzuri hupita na iliyogeuka hupita. Ro ikifika kwa mtoto, kati ya juma la 16 na la 26 la mimba, na zaidi kati ya la 18 na la 24, yaweza kushika sehemu ile ya moyo inayopitisha amri ya mapigo. Sehemu hiyo huvimba kwa ndani, kisha pahali palipovimba huacha kovu.

Watu wa reli wa Voi wataelewa upesi. Moyo una stesheni mbili, ya juu na ya chini. Ya juu ndiyo inayotoa amri, na waya huipeleka amri hiyo chini, kwa mtoto aliye tumboni mara 110 mpaka 160 kwa dakika. Waya ukikatika katikati, stesheni ya juu huendelea kupiga simu na hakuna anayejibu. Ya chini, kwa kuwa haiwezi kukaa kimya, hutoa treni zake yenyewe, polepole, 50 au 60 kwa dakika. Wako watoto wanaoishi hivyo mpaka kuzaliwa. Wako wengine ambao moyo huwachoka, maji yakajaa mwilini, wakafa tumboni au katika miezi ya kwanza; na hatari ni kubwa zaidi mapigo yakishuka chini ya 55. Katika hesabu zilizowekwa Marekani kwa miaka mingi, karibu mtoto 1 kati ya 6 hufa, na wale waliobaki, kama 7 kati ya 10 huwekewa pesimeka. Hiyo ni kimashine kidogo chenye betri kinachoshonewa chini ya ngozi ili kiupigie moyo amri. Betri haidumu maisha. Mtoto atarudishwa chumba cha kupasuliwa tena na tena kadiri anavyokua.

Mtoto huyo aweza pia kuzaliwa na upele, na upele huo hupona wenyewe kwa miezi 6 au 8, kwa kuwa kingamwili za mama hupungua na kwisha katika damu yake. Moyo sivyo. Waya ukishakatika kabisa haujiungi.

Haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1977 madaktari wa Marekani walikwisha kuandika kwamba lupasi ya mama na moyo uliofungwa wa mtoto vinakwenda pamoja, na mwaka 1983 ikaonyeshwa kwamba Ro ndiyo iliyomo katika damu ya mama hao. Ni zaidi ya miaka 40. Katika muda huo lami imefika Taveta, na tangu mwaka 2017 treni mpya ya Mombasa na Nairobi inasimama Voi. Habari ya Ro bado haijapata tikiti ya kushuka hapa.

Lakini mtu asitoke hapa na hofu ya bure. Kati ya mama 100 wenye Ro, ni 1 au 2 tu watakaopata mtoto mwenye moyo wa namna hii. Si kila mwenye goti linalouma ana lupasi, na si kila mwenye lupasi ana Ro. Wala msichanganye jambo hili na ule ugonjwa wa moyo unaowapata watoto wetu wa shule baada ya kuumwa koo mara kwa mara. Ule ni mwingine, nao ni wa kawaida zaidi. Tunayotaka myashike ni mawili. Kwanza, kama nusu ya mama wanaozaa watoto hawa walikuwa hawajui kwamba wana chochote, walijiona wazima. Pili, mama aliyekwisha kuzaa mtoto mmoja wa namna hii, hatari ya mimba inayofuata hupanda ikawa 16 mpaka 18 kwa kila 100. Huyo hawezi kuambiwa "ngoja tuone".

Dawa ipo, na ukoo wake mnaujua. Wazee watakumbuka klorokwini, ile chungu ya malaria iliyokuwa ikiwasha mwili mzima usiku kucha, mpaka Kenya ikaacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Ndugu yake huitwa haidroksiklorokwini. Madaktari wa lupasi wameitumia kwa miaka mingi, hata kwa wenye mimba, na huwapima macho wale wanaoimeza kwa muda mrefu. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya majaribio makubwa: zilihesabiwa mimba 54 za mama ambao wote walikwisha kuzaa mtoto mwenye moyo uliofungwa, wakaimeza dawa hii kila siku kuanzia kabla ya kumaliza juma la 10. Kwa hesabu ya kawaida watoto karibu 10 wangalipatwa. Walipatwa 4. Si kinga kamili, lakini ni watoto 5 au 6 waliookolewa mioyo kwa vidonge. Na mwaka ule ule wa 2020 watu wenye fedha duniani waliinunua dawa hii kwa pupa wakidhani inaponya korona, mpaka wagonjwa wa lupasi katika nchi nyingi wakaikosa madukani. Korona haikuiponya.

(Asiende mtu dukani akainunua mwenyewe. Huandikwa na daktari, kwa kipimo cha daktari.)

Sasa tuseme kwa nini tumeandika haya mwezi huu.

Tunaye mwenzetu mmoja, mwanachama aliyelipa ada yake bila kukosa, mfanya kazi wa chumba cha brashi katika shamba ambalo leo hatulitaji. Mwaka jana alikuwa na mimba. Alikwenda kliniki mara moja mwanzoni, na siku hiyo ikakatwa. Alipoomba ruhusa ya kurudi mwezi wa tano wa mimba, aliambiwa achague kati ya kliniki na jina lake kuwemo katika orodha ya Jumatatu. Yeye ni kibarua, ana watoto wawili shuleni, alichagua orodha. Mikono yake ilikuwa imefura, na chumbani waliimba wimbo juu ya uvivu wake. Alirudi kliniki juma la 31. Muuguzi akaweka ile tarumbeta ndogo tumboni, akahesabu, akahesabu tena, kisha akamshika mama kifundo cha mkono ahakikishe hakuwa akisikia damu ya mama mwenyewe. Mama alikuwa 88. Mtoto 56. Wakampeleka Mombasa usiku ule. Mtoto, wa kike, alizaliwa akiwa amejaa maji, akaishi siku 3. Damu ya mama ilipopelekwa kupimwa, Ro ikaonekana.

Aliporudi kambini alikuta maneno mawili yanamngoja. La watu wa nyumbani lilikuwa kwamba ana mkosi. La shamba lilikuwa kwamba ana siku 11 za utoro.

Hatusemi kwamba angalienda kliniki juma la 20 mtoto huyu angaliishi. Moyo uliofungwa kabisa haujapatiwa dawa ya kuufungua, hata huko kwenye hospitali kubwa kuliko zote. Wako mama wa Marekani waliofundishwa kuusikiliza moyo wa mtoto wenyewe nyumbani kwa kimashine, mara tatu kwa siku, kwa kuwa moyo waweza kutoka uzima mpaka kufungwa kwa muda usiozidi siku moja, na madaktari wanatafuta kuuwahi katikati ya njia. Tunalosema ni hili: angalisikilizwa mapema, madaktari wangalijua wanamngoja mtoto wa namna gani, wangalimzalisha mahali penye mtu wa moyo wa watoto na kitanda kinachofaa, na mama angalipewa nafasi ya kuaga akijua anaaga nini. Badala yake aliyajua yote kwa usiku mmoja, ndani ya gari.

Na mama huyo sasa ana mimba nyingine. Iko juma la 7. Kwa hiyo, ndugu wa gereji, hili ndilo jibu lenu. Chama na mimba wanakutana hapa: juma la 10 haliwezi kusogezwa na mnyapara wala na mkutano wa maridhiano. Dawa aianze sasa, na siku zake za kliniki azipate, ama tukae tukijua kwamba tulimwona.

Mnasema ni mambo ya wanawake. Nani aliyechanga nauli ya gari la Mombasa? Ni nyinyi, kwa mchango, baada ya saa mbili usiku, wakati mwenye duka amekwisha kufunga. Kutoka Voi mpaka Mombasa ni kilomita 150 na zaidi. Wenzetu wa Taveta wakiugua sana huvuka Holili waende KCMC huko Moshi, kwa sababu nchi ya jirani iko karibu nao kuliko Mombasa yetu wenyewe. Nauli hizo hutoka katika mishahara ya waume. Tena mwanamume mwenye akili hasemi mkewe ana mkosi. Ro haikuletwa na chakula alichokula, wala na mtu aliyemtazama kwa jicho baya, wala na deni la mahari. Hakuna kosa alilolifanya. Na mganga tunamheshimu kwa yale anayoyajua, lakini haya hayamo katika mfuko wake.

Tajiri naye ana hoja yake, na tumeisikia mezani. Asema sheria haimlazimishi kulipa siku za kliniki. Asema kweli kwa nusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mama miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Siku za kliniki kabla ya kuzaa haikuzitaja, na hapo ndipo anapojificha. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya mimba. Kifungu cha 46 chasema mimba si sababu ya haki ya kumwachisha kazi. Kifungu cha 30 chatoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, kwa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo. Kifungu cha 34 chamtaka tajiri ahakikishe kuna dawa za kutosha kwa wafanya kazi wake wanapougua. Na kwa vibarua, ambao huambiwa kila mwezi kwamba wao si watu wa kampuni, kipo kifungu cha 37: kibarua aliyeendelea na kazi kwa siku zisizopungua mwezi mmoja kazi yake huhesabiwa kuwa ya mkataba. Someni kifungu hicho kwa sauti katika kambi. Hakisomwi mara nyingi.

Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, katika Pendekezo Nambari 191 la mwaka 2000, lasema mwenye mimba awe na haki ya kuondoka kazini kwenda kupimwa, akiisha kumwarifu mwajiri. Sheria huweka kiasi cha chini. Cha juu huwekwa na makubaliano, na hatujapata kuona makubaliano yaliyoletwa na barua ya adabu peke yake.

Hesabu yenyewe ni ndogo hata haya twaona kuiandika. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mwenye mimba aonekane mara 8: kabla ya kumaliza juma la 12, kisha juma la 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ya juma la 36 na zaidi mara nyingi humkuta mama amekwisha kuanza likizo. Basi tajiri anagombania siku 5 kwa miezi minane, kwa mama mmoja. Shamba linalopoteza siku nzima mashine ya kusaga ikikosa mkanda, na hakuna anayemwandika meneja kuwa mtoro, lashindwa na siku 5. Tazameni tena zile namba. Kati ya juma la 16 na la 26, wakati ambapo waya wa moyo hukatika, mama huonekana mara 2 tu, ya 20 na ya 26. Akiikosa ya 20 kwa kuogopa daftari, majuma mengi ya hatari yatapita pasipo sikio juu ya tumbo lake.

Na mama wanaofanya kazi kwenye hoteli za mbugani, kwenye vituo vya petroli vya barabara kuu na kwenye maduka ya Voi, wasidhani haya ni ya mkonge peke yake. Wao hupangiwa zamu, na zamu ya siku ya kliniki ina tabia ya kuangukia wao.

Kwa Serikali ya Kaunti tuna machache. Tangu Oktoba 2024 tunakatwa shilingi 2.75 kwa kila shilingi mia kwenda Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kwa neno la mtaani, SHA. Asiye na mshahara wa mwezi hutoa si chini ya shilingi 300. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza. Twataka kila mapigo ya moyo wa mtoto yanayosikilizwa yaandikwe kwa namba katika kitabu cha kliniki, si kwa alama ya vema tu, maana alama ya vema haisemi kama ni 140 au 58. Twataka muuguzi akikuta mapigo ya polepole yanayokwenda sawasawa na hayapandi, asimkimbize mama kwa kisu kabla daktari hajafikiria moyo uliofungwa, na damu ya mama ipimwe Ro. Twataka mama mwenye viungo vinavyofura, au aliyepata kupoteza mtoto kwa sababu isiyojulikana, aulizwe habari hizi mapema. Mgonjwa si lazima asafiri kwa ajili ya kipimo. Damu yasafiri kwa chupa, na matatu za Nairobi na Mombasa hupita Voi usiku na mchana zikibeba vifurushi vya kila namna. Na haidroksiklorokwini iwemo katika dawa zinazonunuliwa kwa ajili ya hospitali za kaunti, Voi, Wesu na Taveta, ili mama mwenye cheti asitumwe Mombasa kununua vidonge.

Kwa matajiri hatuna machache, tuna moja. Kifungu tutakachokipeleka mezani kimepitishwa na Halmashauri, nacho ni hiki:

"Mfanya kazi mwenye mimba, awe wa mwezi, wa msimu au kibarua, atapewa ruhusa ya kwenda kliniki kila siku iliyoandikwa katika kitabu chake, na siku hiyo italipwa kama siku ya kazi. Haitahesabiwa kuwa utoro wala kupunguzwa katika likizo ya mwaka, ya ugonjwa au ya uzazi. Mwenye ugonjwa uliothibitishwa na daktari unaoweza kumdhuru mtoto ataongezewa siku kadiri daktari atakavyoandika, naye hatapangiwa kazi ya juani."

Wajumbe wa kambi zote wakusanye karatasi za mishahara za mama waliokatwa siku za kliniki tangu Januari, waandike tarehe pembeni kwa wino, wazilete ofisi ya tawi Voi kabla ya mwisho wa mwezi. Wa Taveta na Ziwani wampe katibu wao. Asiye na karatasi ya mshahara alete kitabu cha kliniki, tutanakili tarehe na kumrudishia siku hiyo hiyo. Kuhusu mwenzetu wa chumba cha brashi, barua yake imekwisha kupelekwa kwa mkono, na mwenye kuipokea ametia sahihi. Tumempa siku 7.

Halmashauri ya Tawi, Voi